Kabati la Miche na Thamani ya Kiza

Kisiwa cha Mombasa kimekwisha kujaa majumba, na mtu wa leo mwenye shauku ya kupanda, asiyekuwa na konde huko bara wala kiwanja nyuma ya nyumba yake, hana budi kuyaelekeza mapenzi yake kwenye roshani, au juu ya dari, au, kama ilivyozuka desturi ya siku hizi, ndani ya kabati la nguo lililostaafishwa kazi yake ya nguo, likatiwa taa, feni ndogo na vyungu vya miche. Mimi si katika wanaoicheka desturi hiyo, kwa kuwa naiona ni hikima ya watu waliobanwa na nafasi. Walakini kila ninapowasikiliza wenye makabati wakizungumza, maneno yao yote ni ya taa: wati ngapi, rangi gani, imeletwa kutoka Dubai au China, bei yake imepanda au imeshuka. Habari ya kiza hainenwi. Rai yangu ni kwamba mambo yamepinduliwa, na ya kuwa kwa mimea mingi ya maua usiku usiokuwa na ufa ni matunzo yaliyo sawa na maji na mbolea, hata shilingi ya kwanza ya mwenye kabati yafaa imfikie seremala wa kuziba nyufa kabla haijamfikia muuza taa.

Kupanda ndani na pembezoni mwa nyumba si bidaa katika mji wetu. Mabibi wa Mji wa Kale wametunza vyungu vya mrehani na asumini tangu zama na zama, maana kikuba hakitimii pasipo vitu hivyo, na hata leo apitaye Kibokoni au Mkanyageni akainua macho ataona madebe na ndoo kuukuu zilizogeuzwa bustani. Jipya ni kabati na taa yake. Na hapa nitasema neno moja na kulipita: najua kuwa ukitaja kabati la kupandia lililozibwa kila tundu, wako watakaotabasamu na kudhani bangi, na sheria ya nchi juu ya mmea huo haina mficho. Mimi nasema na wenye krisanthemu, na wenye poinsetia yenye majani mekundu ya Krismasi, na wote waliongoja ua mwaka mzima wasilione, wakailaumu mbolea.

Jambo lenyewe lilidhihirika ndani ya kibanda. Mwaka 1918 W. W. Garner na H. A. Allard, wataalamu wa wizara ya kilimo ya Marekani, walikuwa wakisumbuliwa na aina ya tumbaku iitwayo Maryland Mammoth, ambayo wakati wa kiangazi ilirefuka na kunenepa pasipo kuchanua, ikangoja mpaka baridi iingie ndipo itoe maua yake ndani ya nyumba ya vioo. Walipokwisha kuyatoa hesabuni mambo mengine waliyoyashuku, walijenga kibanda kisichopenyeza nuru, wakawa wanaiingiza mimea humo alasiri na kuitoa asubuhi, ilhali nje jua la kiangazi lingali linawaka, nayo tumbaku ikachanua. Habari hizo wakazichapisha mwaka 1920. Kwa hiyo kabati la leo lina nasaba yake, na ajabu ni kwamba kibanda kile cha asili hakikutiwa taa hata moja. Sifa yake yote ilikuwa katika kufungika kwake.

Miaka kumi na minane baadaye, mwaka 1938, Karl Hamner na James Bonner walilichukua gugu liitwalo Xanthium, wakaonyesha jambo ambalo laiti lingebandikwa katika kila duka la taa: kwamba mmea ule haupimi urefu wa mchana, bali hupima urefu wa usiku, na ya kuwa usiku mrefu ukikatwa katikati kwa nuru ya dakika moja tu, ua halitoki, kana kwamba usiku ule haukuwapo. Kuukata mchana kwa kipande cha kiza hakukuleta athari yoyote. Kisha Borthwick na Hendricks wa kituo cha Beltsville wakathibitisha mwaka 1952 kwamba katika rangi zote, nyekundu ndiyo yenye nguvu kubwa ya kuukata usiku, na mwaka 1959 ikatambuliwa ndani ya mmea dutu yenyewe inayoipokea nuru hiyo, ikaitwa fitokromu.

Wenye biashara hawakukawia kuifaidi elimu hiyo. Katika mashamba ya maua ya nchi yetu taa huwashwa usiku juu ya haiperikamu ili idhani mchana umerefuka, na krisanthemu zinazowekwa kwa ajili ya vipandikizi huwashiwa ili zisichanue kabisa, zibaki kuchipua majani. Huko Vietnam wakulima wa pitaya huzipanga taa safu kwa safu mashambani, nazo huwaka usiku katika miezi isiyokuwa msimu wa tunda hilo, mti ukazaa wakati ambao soko lina njaa. Kinachofanywa makusudi na kwa gharama ya umeme katika mashamba hayo, sisi tunajifanyia bure na bila ya kukusudia kwa ufa wa mlango wa kabati.

Wako wanaonijibu kwamba haya ni mambo ya nchi za baridi, ambako mchana wa kiangazi haushi na usiku wa kipupwe hauna mwisho. Ama Mombasa, iliyo nyuzi nne tu kusini ya Ikweta, mchana wake mrefu kabisa wa Desemba hauuzidi mchana mfupi wa Juni ila kwa dakika kama 28, basi mimea yetu itapima nini? Hoja hii ina sura ya kweli, lakini natija yake ni kinyume cha waidhaniavyo. Kule Malacca, mahali palipo karibu zaidi na Ikweta kuliko sisi, ilijaribiwa aina ya mpunga iitwayo Siam 29, na taarifa ya J. Dore ya mwaka 1959 ikaonyesha kuwa mpunga ule ukipandwa Januari hukawia karibu miezi kumi na mmoja kabla ya kutoa masuke, na ukipandwa Septemba hutosheka na miezi mitano na siku chache, hali ya kuwa tofauti ya michana ya mwaka mzima mahali pale ni kama robo saa. Mmea wa nchi za Ikweta, kwa kuwa haupewi ishara kubwa, umezoea kuzitambua ishara ndogo. Fauka ya hayo, usiku wetu wa takriban saa kumi na mbili ni wa kadiri tu kwa mmea kama poinsetia, ambao unautaka usiku huo karibu wote, wala hauna akiba ya kupoteza. Ukiumega kwa nuru ya ukumbini saa nne za usiku, umekwisha kuuharibu.

Na usiku wenyewe wa kisiwani si ule walioujua wazee. Bandari ya Kilindini haizimi taa zake. Nguzo za mulika mwizi zimeinuka mitaani. Taa za barabara zimekuwa nyeupe na kali. Na kila mwenye duka au lango ametundika taa yake ya ulinzi, aghalabu imeelekezwa juu ya dirisha la jirani. Mbalamwezi ya kumi na nne, ambayo mimea imeishi nayo tangu kuumbwa kwake, ni hafifu mara makumi kuliko nuru iangukayo chini ya taa ya barabara. Tangu mwaka 1936 Edwin Matzke alikwisha andika, baada ya kuichunguza miti ya jiji la New York, kwamba iliyosimama karibu na taa za barabarani ilichelewa kupukutisha majani yake, kwa kuwa haikuipata habari kwamba majira yamegeuka.

Nyumba za kale za Ndia Kuu zilikuwa na ulinzi wake. Viambaza vya mawe ya matumbawe na chokaa, vyenye unene wa dhiraa au karibu yake, na madirisha yenye vibao vya mshazari na mbawa za mbao nzito, vilimwezesha mwenye nyumba kukifanya chumba kuwa kiza wakati wa adhuhuri, akalala usingizi wake wa mchana, na kukifungua alasiri upepo wa bahari uingie. Nyumba za ghorofa za siku hizi, na hata baadhi ya zile za kale zilizokarabatiwa kwa haraka, zina kioo cha kutelezesha na pazia jepesi lisilozuia kitu. Anayeweka kabati lake katika chumba cha namna hiyo ameliweka barabarani.

Basi na tuliangalie kabati lenyewe, maana hapa ndipo penye kazi. Aghalabu lina milango miwili, na baina ya milango hiyo pana mwanya ambao mchana hauonekani, na usiku, taa ya chumba ikiwaka, huingiza ndani mstari wa nuru kutoka juu hadi chini, ukaiangukia miche sawasawa. Mlango wa Kiswahili wa mbawa mbili, ule wenye nakshi tunaojivunia mbele ya wageni, umekwisha kulitatua suala hili zamani sana: mfaa, yaani ule ubao wa kati uliopigiliwa kwenye bawa moja, huufunika mwanya wa mbawa zote mbili mlango unapofungwa. Wageni huzipiga picha nakshi za mfaa. Kazi yake hawaiulizi. Mwambie seremala akutilie mfaa katika kabati lako, usiokuwa na nakshi, upana wa vidole vitatu, na kwa ndani agundishe ukanda wa mahameli nyeusi au mpira wa mlango wa gari, ili ubao ukikaa usiache hata unywele. Upande wa bawaba nao una mwanya wake, ambao watu wengi huusahau kwa kuwa mlango haufungukii huko. Na mgongo wa makabati yanayouzwa sasa si mbao hata kidogo, ni bamba jembamba lililopigiliwa visumari, na ukingo wake wote, pande nne, hupitisha nuru.

Kuzitafuta nyufa kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya usiku: washa taa ya ndani ya kabati, zima za chumba, funga madirisha, ulizunguke kabati ukiinama na kuchungulia hata chini ya miguu yake, na kila panapotoka nuru utie alama ya chaki. Ya pili ni ya mchana, nayo ndiyo ninayoipendelea: uondoe vyungu, uingize kichwa na mabega ndani, ujifunike kaniki upande wa nje, kisha usubiri. Kusubiri ndiko kazi yenyewe. Jicho la mwanadamu halikizoei kiza kwa mara moja, linataka robo saa na zaidi, na mwenye pupa atatoka baada ya dakika mbili akiapa kwamba kabati lake ni zima. Aliyevumilia ataona kwanza tundu ya ufunguo, kisha tundu ya msumari uliong'oka, kisha, polepole, kiungo cha rafu ambacho hakukidhania, na mwisho mahali waya wa umeme ulipoingilia, ambapo fundi wa stima alitoboa tundu ya kupita vidole viwili kwa ajili ya waya mwembamba.

Katika kuziba, wengi hukimbilia tepu. Tepu ya karatasi haifai mjini petu, kwa maana joto na unyevu huiyeyusha gundi yake, ikaning'inia baada ya majuma machache. Ile ya karatasi ya fedha wanayoitumia mafundi wa viyoyozi hustahimili zaidi. Bora kuliko tepu ni kuijaza nyufa kwa ndani, kama alivyokuwa akifanya fundi wa kalafati kwenye majahazi ya Bandari ya Kale, ambaye hakuridhika na ufa uliofunikwa usoni, bali aliushindilia pamba iliyolowa mafuta mpaka mbao mbili zikawa moja. Silikoni nyeusi hufanya kazi hiyo leo. Ile nyeupe, na ile isiyokuwa na rangi, huziba upepo na mdudu, ila nuru hupita humo kama kawaida.

Lakini nuru ina tabia moja ambayo maji na hewa hazina: haikunji kona. Na tabia hii ndiyo inayomwokoa mwenye kabati wa Mombasa, kwa sababu akiliziba kabati lake kila mahali, katika hewa yetu nzito ya Machi na Aprili, atakuwa amejenga tanuri lenye unyevu, na siku chache hazitapita kabla ukungu haujaitanda miche. Kabati sharti livute pumzi. Dawa yake ni vipande viwili vya paipu ya plastiki, kila kimoja chenye elbo mbili, kimepakwa ndani rangi nyeusi isiyong'aa, kimoja chini cha kuingiza hewa na kimoja juu, penye feni, cha kuitoa moto nje; hewa hupita ikizunguka, na nuru hujigonga kwenye kona ya kwanza, ikafifia, na kwenye ya pili ikaisha. Kile cha chini kiwe kipana kuliko cha juu, feni isihangaike. Kabati lenyewe kwa ndani lipakwe nyeupe ili nuru ya taa isipotee wakati wa mchana wake. Weusi ni wa njia za hewa peke yake.

Kisha kuna adui aliye ndani. Taima, soketi ya waya wa kuongezea, kibadilishi cha umeme cha feni, kila kimoja kina kijitaa chake cha kuonyesha kwamba kinafanya kazi, na aghalabu kijitaa hicho ni chekundu, rangi ile ile ambayo Borthwick na Hendricks waliiona kuwa na nguvu kuliko zote. Huenda kisitoshe peke yake kuuharibu usiku wa mmea. Lakini mtu aliyelipa seremala, akanunua mahameli na silikoni, kisha akaacha kitone chekundu kikiwaka usiku kucha shubiri moja kutoka kwenye jani, amefanya mzaha na mali yake. Vifaa hivyo vikae nje ya kabati, au vifunikwe.

Na taima yenyewe inataka hadhari. Ile ya bei nafuu, yenye gurudumu la vijino, huenda kwa umeme ule ule inaoutawala. Stima ikipotea saa tatu, nalo gurudumu husimama saa tatu, na umeme ukirudi huendelea kana kwamba hakuna lililotokea, ikawa taa iliyowekwa izime magharibi inazima saa tatu za usiku, na kesho yake hivyo hivyo, mpaka mtu atanabahi. Katika mji ambao umeme hupotea bila ya kuaga, taima yenye betri yake ndani si anasa. Nimesikia watu wakibishana juu ya aina za taa kwa muda wa kutosha kuchemsha sufuria ya mbaazi, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameikagua saa ya taima yake tangu umeme ulipokatika mara ya mwisho.

Insafu yataka niseme kuwa si kila mmea una haja ya taabu hii. Mwenye kuotesha miche ya sukuma wiki au ya pilipili ndani ya kabati, akaihamishia kwenye ndoo ikifika majani manne, na aiachie nyufa zake. Mchicha, ambao huharakishwa kutoa mbegu na michana mifupi, huenda nuru ya usiku ikauchelewesha, na mlaji hatalalamika. Dania ni kinyume, kwani mchana ukirefushwa hukimbilia maua mapema, na mwenye kuiotesha karibu na taa ya jikoni iwakayo mpaka usiku wa manane asishangae kuiona imerefuka shina na kukosa majani. Kila mmea na kanuni yake, na mwenye kabati aijue ya mmea wake kabla ya kutoa fedha. Ninachokikataa ni ile itikadi ya madukani kwamba nuru ikizidi ni heri, na kwamba ua lililokataa kutoka litatoka ukinunua taa kubwa zaidi. Kabati lililozibwa vizuri lenye taa ya kadiri hulishinda lenye taa ya fahari na mlango unaochungulia, na tofauti ya bei baina ya taa hizo mbili yatosha kumlipa seremala na kubaki chenji.

Ama nje ya kabati, kuna wale ambao hawana kabati wala hawalitaki, ambao vyungu vyao viko kwenye roshani kama vilivyokuwa vya mabibi zao, na hao hawawezi kuuziba mtaa. Kwao haki iko mikononi mwa serikali ya kaunti na mwa majirani. Sisemi taa zizimwe. Vichochoro vya Mji wa Kale vina watu wanaorejea kutoka msikitini baada ya isha na wanaotoka kabla ya alfajiri, na nuru ni amana yao. Nasema taa itiwe kofia, ishushwe, itazame chini penye miguu ya mpita njia na mawe ya kujikwaa, kwa kuwa nuru inayopanda hadi ghorofa ya pili na kuingia vyumbani hailindi mtu, na umeme wake unalipiwa vile vile. Safari ijayo kaunti inapoziagiza taa, na iulize kwanza habari ya kofia. Na mwenye duka aliyeielekeza taa yake ya ulinzi juu ya roshani ya ng'ambo, ngazi anayo na bisibisi anayo, aigeuze itazame kufuli lake.